Waya Uliopita Dirishani

Kosa lilianza kwangu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Lingekuwa la Mkuu wa shule peke yake ningelala vizuri. Ningemchukia kwa amani. Lakini kila nikimkasirikia najikuta nimerudi kwenye maneno yangu mwenyewe, niliyoyaandika kwenye daftari mara tatu kabla ya kuyasema mbele ya walimu, nikiyapima kama mtu anayepima dawa ya mtoto.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja na nusu nyuma. Shahada ya kompyuta ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, juu ya kabati la mama huko milimani Mbinga, na mimi nilikuwa nachuma kahawa kama sikuwahi kusoma. Ndipo nikasikia kwamba shule moja ya sekondari huku ziwani, mbele ya Mbaha, imeletewa kompyuta na wafadhili na hakuna wa kuzifunga. Nikaomba kujitolea. Nikapanda gari hadi Kitai, nikangoja pale barabarani kutwa nzima gari la kuteremka upande wa Lituhi, na njia yote nilikuwa nawaza: je, wakiniuliza kitu nisichokijua?

Mzigo wenyewe ulikuwa visanduku ishirini vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, monita ishirini, kibodi, vipanya, swichi moja ya kuunganishia nyaya, boksi la waya, printa moja, na mashine moja kubwa nzito. Hiyo kubwa ndiyo seva. Visanduku havina akili yao. Havina programu ndani, havihifadhi faili hata moja. Ukikiwasha, kinauliza kwenye waya: nani ananipa kazi? Seva inajibu, na kila kitu unachokiona kwenye monita kinatoka kwake. Seva ikizimika, visanduku vyote ishirini ni vipande vya plastiki. Mpango huu una faida yake kwa shule kama ile. Unatunza mashine moja badala ya ishirini, virusi havina pa kujificha, na visanduku vinakula umeme kidogo.

Nilifanya kazi ile wiki mbili. Nilikata waya, nikapanga zile nyuzi nane za ndani kwa rangi, nikazibana vichwani kwa koleo, moja baada ya nyingine, mpaka vidole vikaota malengelenge. Kila kichwa nilikipima mara mbili. Kisha nikiwa kitandani nawaza kile cha meza ya saba, je, kijani ilitangulia bluu? Asubuhi nakwenda kukipima tena. Nilijua ninavyojisumbua. Lakini pale shuleni kulikuwa na wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha nne waliosoma somo la kompyuta tangu kidato cha kwanza kwa kuchora kibodi kwenye madaftari. Kumi na mmoja. Mthibiti ubora, yule ambaye watu bado wanamwita mkaguzi, alikuwa ameshaiambia shule kwamba atakuja Jumatatu kuona chumba. Akikikuta kinafanya kazi, wale kumi na mmoja wataendelea na kufanya mtihani wa vitendo. Akikikuta hakifanyi kazi, anaondoa majina yao kwenye somo. Miaka minne ya kuchora kibodi, basi.

Jumatano kabla ya ukaguzi Mkuu alitaka niwaeleze walimu mitambo hii ni nini. Hapo ndipo nilipoandika mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kama mwalimu wangu wa chuo, nikaona hata mimi sielewi. Mara ya pili nikafananisha na gari moshi, nikakumbuka wengi wao hawajawahi kupanda. Mara ya tatu nikakumbuka sengu.

Kwetu Umatengoni, zamani kidogo, wanaume wa ukoo walikuwa wanakula pamoja kwa mkubwa wao. Kila jiko linapika, chakula kinapelekwa kwa babu, watoto wa kiume na baba zao wanakaa pale, wanakula, wanasemezana mambo ya mashamba na kesi za nyumbani. Hiyo ndiyo sengu. Kwa babu yangu niliikuta ikiwa inakaribia kufa. Mimi nilikuwa mbebaji wa bakuli la mboga. Nafika, napiga magoti, naweka, naondoka. Sikuwahi kukaa.

Nikawaambia walimu: "Seva ni sengu. Visanduku ni nyumba za ukoo. Hakuna nyumba inayokula peke yake, wote wanakula kwa babu."

Walicheka, wakaelewa. Mwalimu wa Hesabu, mama wa Kinyasa mwenye ulimi mkali, aliyenikaribisha kwake tangu siku ya kwanza, akasema kwa sauti, "Watu wa milimani! Hata kompyuta mnaikalisha chini mle ugali."

Mkuu hakucheka. Mkuu ni Mmatengo kama mimi, amebakiza muda mfupi kustaafu, mtu wa sauti ya chini na suti ya kijivu hata kwenye joto la ziwani. Aliitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Umeeleza vizuri sana, binti. Vizuri sana. Sasa nimeelewa."

Nilikwenda kulala nikiwa na furaha. Laiti ningejua ameelewa nini.

Jumatatu saa moja asubuhi nilifungua chumba cha kompyuta. Kwenye kona, pale ilipokuwa seva, palikuwa na alama ya mraba kwenye vumbi. Waya wangu mkuu, ule unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye seva, ulikuwa umechomolewa na kukunjwa vizuri, ukafungwa kwa kipande cha kamba ya mkonge. Hicho kifundo cha kamba kiliniuma. Mwizi hakunji waya.

Nikamkimbilia mlinzi. "Shikamoo. Mashine kubwa iko wapi?"

"Marahaba. Si tumeihamisha Jumamosi na Mkuu? Imo ofisini kwake."

"Ofisini kufanya nini?"

"Alisema ndiyo sehemu yake." Mlinzi alinitazama kama vile nauliza kwa nini maji yako ziwani. "Alisema wewe mwenyewe umesema. Chakula cha ukoo hakikai kwenye chumba cha watoto, kinakaa kwa mkubwa."

Nikabaki nimesimama. Nakumbuka niliangalia mikono yangu, sijui kwa nini.

"Na Mkuu yuko wapi?"

"Amepanda Mbinga tangu Jumamosi jioni. Kahawa zake zinaiva. Alisema leo atawahi kabla ya mgeni."

"Ufunguo?"

"Ufunguo wa ofisi ya Mkuu? Anao Mkuu."

Nilipiga simu yake mara tisa. Haipatikani. Kwenye yale mabonde ya kahawa simu haipatikani, nayajua, nimekulia humo. Mgeni alikuwa anafika saa nne. Nilikuwa na saa tatu.

Nikaenda kwenye dirisha la ofisi. Ni dirisha la nondo na vile vioo vya vipande vya kulala, na vipande viwili vya chini vilikuwa vimeng'oka siku nyingi. Nikachungulia. Seva ilikuwa juu ya meza ya Mkuu, imefutwa vumbi, imewekewa kitambaa cheupe cha kufuma chini yake. Na ilikuwa inawaka! Aliiwasha, akaiunganishia monita yake, akaiacha hivyo tangu Jumamosi ili mgeni akiingia aikute. Taa ndogo ya kijani mgongoni mwake ilikuwa inapepesa kwa utulivu. Ilikuwa nzima, haina shida yoyote, inawasubiri watu wa ukoo waje kula. Ila hakuna njia ya kuwafikisha, kwa sababu mzee huyu aliona simu yake inapata mtandao bila waya, akadhani na hizi ni vivyo hivyo.

Hasira niliyoipata pale dirishani sikuwahi kuijua. Mimi ni mtu wa kuogopa, na watu wanaoogopa wanakasirika baadaye, kwa siri, wakiwa wanaoga. Safari hii ilinijia papo hapo.

Mwalimu wa Hesabu alinikuta nimeshika nondo. Nikamweleza.

"Vunja," akasema.

"Dada, mle ndani mna mitihani ya majaribio. Imo kwenye lile kabati la chuma. Mlango ukivunjwa itasemwa imeibiwa."

"Basi kaa ulie."

"Silii."

"Ningelia mimi. Mashine ya shule nzima imewekewa kitambaa kama bibi harusi!" Akachungulia, akasonya msonyo mrefu. "Na vitambaa vyake hivi. Hata redio yake ina nguo."

Nilianza kuwaza, na nikiwaza mimi nawaza vyote. Nikivunja, nafukuzwa, na wale kumi na mmoja wanafutwa kwa kashfa ya mitihani. Nisipovunja, wanafutwa kwa chumba kibovu. Nikimwambia mgeni ukweli ataandika ukweli, kwamba shule haina utaratibu. Nikimdanganya kwamba seva imeharibika, ataandika imeharibika. Nilizunguka humo kama nusu saa, na hiyo nusu saa naijutia mpaka leo. Mwalimu wa Hesabu aliondoka akaenda darasani. Jua likapanda.

Aliyenitoa humo ni kiongozi wa somo wa kidato cha nne, msichana mwembamba wa hapo hapo mwaloni, kwenye mitumbwi ya dagaa, mmoja wa wale kumi na mmoja. Alikuja kuuliza kama waingie chumbani kujiandaa. Nilipomwonyesha, hakusema pole. Alichungulia ndani muda mrefu.

"Mwalimu, tundu la waya ni lipi?"

"Lile la kushoto, chini, nyuma. Yako mawili. La juu silo."

Seva ilikuwa imetupa mgongo. Mkuu aliigeuza uso upande wa kiti cha wageni. Kutoka kwenye nondo hadi kwenye tundu ni kama mkono na nusu.

"Mkono wangu haufiki," akasema. "Lakini mwanzi utafika. Kichwa cha waya kina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha. Akakigeuza, akakibonyeza kile kiulimi chake cha plastiki.

"Hiki ndicho kinachoshika?"

"Ndicho. Lazima kiangalie chini. Kikiangalia juu hakiingii."

"Nakuja."

Alikimbia. Kwao ni karibu, wana chanja za kuanikia dagaa ufukweni, na kwenye chanja hakukosekani mwanzi. Mimi nikakimbilia chumbani. Kwenye boksi ulibaki waya mrefu. Nikautoa wote, nikawaambia wale kumi wauburute kutoka kwenye swichi, upite dirishani, uvuke kiwanja cha paredi hadi ofisini. Ulitosha, ukabaki kama mita mbili. Ncha ya kwanza niliibana haraka. Ncha ya pili ilinisumbua. Nyuzi za rangi ya machungwa zilinikimbia mara mbili. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, kwani sisi hatujui mpangilio? Si ulitufundisha tukauimba?" Wakauimba, kumi wote, pale kwenye vumbi, rangi kwa rangi, na mimi nikabana.

Msichana alirudi na mwanzi na uzi wa wavu, ule wa nailoni. Akafunga kichwa cha waya kwenye ncha kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, uzi unapita chini ya kichwa na kuacha kiulimi huru. Akapitisha mwanzi katikati ya nondo. Mimi niliweka shavu kwenye ukuta pembeni ili nione.

"Kushoto. Kushoto tena. Hapo, umegonga tundu la monita. Rudi."

"Kinatikisika."

"Shusha kidogo."

"Mwalimu, usiseme haraka."

Mwanzi ulikwenda, ukagusa, ukateleza, ukaangusha kikombe cha kalamu za Mkuu. Kalamu zilimwagika sakafuni zote. Nitasema kweli, zilipomwagika nilifurahi. Mara ya pili kichwa kiligeuka ubavu kikakataa. Akauvuta mwanzi nje, akakaza uzi kwa meno, akaingiza tena. Mara ya tatu nilisikia mlio mdogo mkavu, na kijitaa cha njano kikawaka pale kwenye tundu.

Nilikimbia kiwanja chote. Chumbani monita ishirini zilikuwa zimejaa mstari uleule mweupe tangu asubuhi, zinatafuta seva, zinatafuta seva. Kisha ya kwanza ikabadilika. Kisha ya nne. Kisha zikaja kwa makundi, hadi ile ya meza ya saba. Wale watoto hawakupiga kelele. Walikaa kila mmoja mahali pake, wakafungua kazi zao, kama watu wanaoogopa kupumua.

Waya ulikuwa umelala katikati ya kiwanja. Nikawaza gari la mgeni litaukanyaga. Watatu wakakata matawi ya panda, wakayasimika, wakaunyanyua juu kama kamba ya kuanikia nguo. Walikuwa wanasimika la mwisho gari lilipoingia getini.

Kwenye kiti cha mbele alikaa mthibiti ubora. Kwenye kiti cha nyuma, na suti yake ya kijivu, alikaa Mkuu. Alipewa lifti kuanzia Kitai.

Nilimwona Mkuu akiuona waya. Macho yake yaliufuata kutoka dirisha la chumba cha kompyuta, juu ya zile panda, hadi kwenye nondo za ofisi yake na mwanzi uliokuwa bado umening'inia. Aliuelewa mara moja. Hilo lazima niliseme kwa haki, mzee yule si mjinga.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," akasema mgeni. "Na hizi kamba?"

Mkuu akakohoa. "Huo ndio mpangilio wetu, mheshimiwa. Visanduku viko kwa watoto, seva iko kwangu, kwa usalama. Tumefuata mfano wa kwetu. Sengu."

Mgeni alisimama, akacheka kicheko cha tumboni. "Sengu! Wewe Mkuu! Mimi mwenyewe nimekulia sengu. Babu yangu alikuwa anatunyooshea mfupa ukitafuna kwa sauti." Wakacheka wote wawili, wakapigana bega. Walivuka kiwanja wanakumbushana maboga na maharage ya utoto wao, na mimi nikawa nyuma yao, na vumbi magotini, na koleo bado mfukoni. Ilikuwa kama nimekuja kuweka bakuli.

Chumbani mgeni alipita meza hadi meza. Aliwaambia waandike barua, waihifadhi, waifungue kwenye kisanduku kingine. Msichana aliandika kwenye meza ya pili, akahamia ya kumi na tano, akaifungua ile ile. Mgeni alifurahi sana. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, huu mpangilio wa kuweka seva ofisini ni wako?"

Mkuu alikuwa nyuma yake. Hakunipa ishara yoyote. Alitazama tu dari.

Majibu yalinijia kumi kwa mkupuo. Ukweli ulikuwa mfupi: hapana, leo asubuhi tulikuwa tumefungiwa nje, na siku ya mtihani tunaweza kufungiwa tena. Lakini kalamu yake ilikuwa juu ya fomu, na vichwa kumi na kimoja vilikuwa vimeinama kwenye kibodi, vinasikiliza.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wangu."

Akaandika. Akasoma kwa sauti: chumba kinafanya kazi, wanafunzi waendelee na somo. Na chini yake, kwenye nafasi ya maoni, akaongeza kwamba utaratibu wa kuhifadhi seva katika ofisi ya Mkuu wa shule ni ubunifu mzuri, na uendelee.

Uendelee!

Wakaenda kula ugali na mbasa, samaki wa ziwa hili. Mimi sikula. Wale kumi na mmoja walikuwa wanarukaruka nyuma ya chumba, mmoja analia kwa furaha, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikiitazama ile amri mpya kichwani. Sasa hata nikiomba seva irudi, Mkuu anayo karatasi. Siku ya mtihani wa vitendo akiwa na msiba, au kahawa, au kikao Mbamba Bay, ufunguo utakuwa mfukoni mwake. Na waya wangu umeshikwa na panda za miti katikati ya kiwanja ambacho watu hufyeka kwa panga.

Gari lilipoondoka nilikwenda ofisini. Sikuandika kwanza kwenye daftari. Mkuu alikuwa anaokota kalamu zake sakafuni.

"Binti, karibu. Tumeshinda."

"Nani ameshinda, Mkuu?"

Akainuka taratibu. "Sauti hiyo."

"Umeondoa mashine bila kuniambia. Umefunga mlango ukaenda kuchuma kahawa. Wale watoto wangefutwa leo, wote, na wewe ungekuwa njiani."

"Wewe ndiye uliyenipa mfano. Umeusema mbele ya walimu. Mimi nimeufuata."

"Hukuufuata. Babu yangu alikuwa na sengu. Haikuwa na mlango. Mtu akipita njiani wakati wa kula anaitwa, hata asiye wa ukoo. Babu hakuwahi kuifunga akaweka ufunguo mfukoni akaondoka. Mtu wa namna hiyo kwetu alikuwa anaitwa mchoyo."

Nilisema neno hilo kwa mtu wa umri wa babu yangu. Nje ya dirisha msichana alikuwa amekuja kuchukua mwanzi wake, akasimama. Mkuu aliweka kalamu kwenye kikombe, moja moja. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Unajua naweza kukurudisha kwenu leo?"

"Najua."

"Kahawa nayo ndiyo inayosomesha watoto wangu," akasema, kama vile nimemuuliza. Kisha akakaa. "Mheshimiwa ameandika uendelee. Mimi siwezi kuhamisha kwa mdomo kitu alichokiandika. Leta barua. Yenye sababu."

Nikaondoka bila kuaga.

Barua ile niliiandika palepale kwenye chumba cha kompyuta, meza ya saba. Mwanzoni ilikuwa kurasa mbili. Nilianza kwa "Naomba kwa heshima na taadhima", nikaeleza umeme, joto, vumbi, umbali wa waya, usalama, nikajitetea, nikaomba radhi kwa lugha niliyotumia. Nikaisoma. Nikaona ninavyompigia magoti mtu kwenye karatasi. Nikafuta yote.

Iliyobaki ilikuwa hivi: seva irudi chumba cha kompyuta, kwa sababu Mkuu akiwa hayupo wanafunzi kumi na mmoja hawawezi kufanya mtihani. Naomba haimo. Radhi haimo. Niliichapa kwa seva yake mwenyewe, kwa ule waya wa dirishani, nikatia saini, nikaipeleka.

Aliisoma amesimama. Akatafuta muhuri, akaipiga, akaandika "Imepokelewa" na tarehe, akaifungia kwenye jalada. Nilidhani ndiyo mwisho wake, nikaanza kuhesabu wiki zilizobaki.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alitoka ofisini akiwa ameibeba seva mwenyewe. Hakumwita mlinzi. Aliikumbatia kifuani, koti la suti limepanda mgongoni, akavuka kiwanja chote huku walimu wamesimama barazani. Mwalimu wa Hesabu akafungua mdomo kusema neno. Nikamtazama, akaufunga. Ilikuwa nzito kwake, nilisikia anavyohema. Nilishika mlango wa chumba, akapita, akaiweka kwenye ule mraba wa vumbi.

"Iko hapo," akasema.

Alingoja kidogo. Nilijua anangoja niombe radhi, na kwa malezi yangu ilikuwa rahisi kuiomba. Nilipiga magoti nyuma ya seva nikaanza kuchomeka waya, na nikaendelea kuchomeka mpaka niliposikia viatu vyake vikitoka.